Msumari wa Mkono Mmoja

Kwa miaka minne Émile Lifoko hakuwa amepigilia msumari hata mmoja peke yake. Majirani zake wa Mangobo, mjini Kisangani, walilijua hilo na hawakulitaja mbele yake, kwa kuwa mtu aliyekuwa fundi seremala kwa miaka ishirini na miwili hatajiwi jambo la namna hiyo machoni. Msumari hutaka mikono miwili: mmoja hushika, mwingine hupiga. Émile alikuwa amebakiwa na wa kupiga. Ule wa kushika, wa kushoto, uliishia kwenye msumeno wa kiwanda kimoja cha mbao, alikoongeza kipato cha karakana yake, asubuhi ya Jumanne. Vidole vinne vilikwenda kwa mkupuo mmoja, kikabaki kidole gumba kimesimama peke yake ukingoni mwa kiganja, bila mwenzake wa kubana naye kitu.

Wako wanaoita jambo kama hili ajali. Haikuwa ajali. Msumeno ule ulikuwa na kifuniko cha chuma cha kulinda mikono, na kifuniko hicho kilikuwa kimeng'olewa wiki tatu kabla kwa amri ya msimamizi, eti kinachelewesha kazi. Émile mwenyewe alilalamika. Akajibiwa mbele ya wenzake kwamba mwenye kuogopa chuma arudi Yanonge kwa baba zake akavue samaki. Wiki ya tatu damu yake ikawa juu ya mbao, na mbao zile, baada ya kuoshwa, ziliuzwa.

Walimletea nyumbani mifuko miwili ya mchele na karatasi ya kutia sahihi. Mchele mkewe aliupokea. Karatasi Émile aliirudisha kama ilivyokuja, kwa maana alikuwa amemaliza shule ya sekondari, alijua kusoma, na karatasi ile ilisema kwamba hatadai kitu kingine maisha yake yote. Sheria ya kazi ipo. Imechapishwa, ina vifungu, inamtambua mtu aliyekatwa mkono akiwa kazini. Basi akaandika barua. Aliandika barua tisa, kila moja kwa nakala mbili, kwa Kifaransa kisichokuwa na kosa, na kila mara karani wa ofisi iliyohusika alimjibu maneno yale yale: “Dossier iko mu étude, papa.” Miaka minne faili lilisomwa. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku ile angekuwa amekwisha kujua kusoma na kuandika, na ofisi bado ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza. Hatimaye, mwezi wa saba wa mwaka huu, Émile aliitwa akakabidhiwa bahasha. Ilikuwa nyembamba. Aliichukua kwa sababu ukuta wa nyumba yake ulikuwa umeoza na mvua za mwezi wa tisa zilikuwa karibu.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa nyuma, upande wa chumba cha kulala. Nguzo zake zilikuwa za limbali, mti mgumu wa misitu ya huko, na Émile alizisimamisha mwenyewe miaka tisa iliyopita, akiwa na vidole kumi. Nguzo zilikuwa imara. Mbao zilizopigiliwa juu yake ndizo zilizoliwa na mchwa, na mahali pake palikuwa pametundikwa turubai la bluu lililopigapiga kila upepo ulipotoka mtoni. Mwezi wa sita alijaribu kuanza kazi pamoja na mkewe, Berthe. Berthe alishika msumari, yeye akapiga. Msumari wa tano uliteleza, nyundo ikatua juu ya kidole cha shahada cha mke wake.

Berthe husuka nywele. Hukaa barazani na wateja wake, na vidole vyake ndivyo vilivyoilisha nyumba ile tangu Jumanne ya msumeno. Wiki tatu hakusuka kichwa cha mtu. Ukucha uligeuka mweusi, na Émile, kila alipouona ukiinama juu ya sahani, aliinua macho akatazama turubai. Hakuapa kwa sauti, lakini alikwisha kuamua: hatapiga tena msumari ulioshikwa na mkono wa mtu.

Ni katika hali hiyo Jephté alipomwonyesha video. Jephté alijifunza useremala mikononi mwa Émile, na sasa alikuwa na karakana yake mwenyewe ng'ambo ya barabara. Alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi, na alicheka kabla ya kusema.

“Papa Émile, angalia uyu mutu,” alisema, akinyoosha simu. “Anatembea juu ya paa kama paka, pa! pa! pa! Musumari inaingia yenyewe. Na mukono ingine, ona, iko mu poche! Eti anasikia baridi!”

Émile alimwomba airudie video ile. Akamwomba tena. Jephté alidhani mzee wake anaitazama mashine, kumbe alikuwa anautazama ule mkono uliokaa mfukoni, hauna kazi, na kazi inaendelea.

“Inaitwa nini?”

“Pistolet ya misumari. Iko ya batterie, haina kamba. Bilali anauza, kule karibu na soko kubwa. Lakini, papa, bei yake haina huruma.”

Asubuhi iliyofuata, Berthe alipokuwa akipanga vitana vyake, Émile alimweleza. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole uliomchoma kuliko makelele:

“Papa Gracia, ile pesa iko ya vidole yako. Tunaweza kulipa fundi siku mbili, ukuta inakwisha, na mabati ya jikoni inapatikana juu yake. Juu ya nini kununua pistolet?”

Alimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa Bafwasende, kama alivyomwita siku zote, na siku zote jina hilo lilimlainisha. Mara hii halikumlainisha.

“Fundi niko miye,” alisema. “Walichukua mukono, wakaleta pesa. Bon. Miye ninairudisha pesa kwenye mukono. Usiniambie kulipa fundi mu nyumba yangu, Mama Gracia.”

Berthe alitazama ukucha wake, akarudi kwenye vitana vyake.

Kabla ya kwenda dukani Émile alipitia kando ya mto, mahali mitumbwi mikubwa inaposhusha mbao kutoka Yanonge na Isangi. Aliomba kipande cha limbali, akapewa kilichokatwa juzi. Hakuwa mtu wa kudanganywa na muuzaji. Alijua kwamba madukani mashine hujaribiwa juu ya mbao za makasha, mbao laini za nchi za mbali ambazo hata ukucha unaweza kuzitoboa. Yeye angeijaribu juu ya mti wa kwao. Alikitia kipande kwenye mfuko wa kitambaa. Kilikuwa kizito na cha baridi, bado kikinuka maji, kama mbao zote alizowahi kuzifanyia kazi.

Bilali, mfanyabiashara kutoka Maniema, mwenye kofia nyeupe na sauti ya mtu asiyeharakishwa na lolote, alimpokea vizuri. Aliuona mkono wa kushoto, na bila neno akaweka mashine zote upande wa kulia wa meza. Émile aliitambua heshima hiyo.

“Papa, ziko tatu,” alisema Bilali. “Hii inakula gaz. Kichupa kidogo, unaingiza hapa. Nguvu yake, hata ukuta ya béton inaomba pardon.”

“Na kichupa ikiisha?”

“Tunaagiza Kampala.”

“Inachukua siku ngapi?”

Bilali akacheka. “Hiyo muulize barabara, si mimi.”

Émile aliisukuma kando. Chombo kinachosubiri lori kwenye matope ya njia ya mashariki hakikuwa mkono. Kilikuwa ofisi nyingine ya kumwambia arudi kesho. Ya pili ilikuwa nyepesi, ndogo, nzuri kushikika. Ilipiga visumari vyembamba kama sindano.

“Hii iko ya fremu za picha, na mapambo,” Bilali alieleza.

“Miye najenga ukuta. Siko nashona kanzu.”

“Basi hii njo yenyewe.”

Ya tatu ilikuwa ya kijani na nyeusi, na betri yake ilichomekwa chini ya mpini kama kisigino cha kiatu. Misumari yake ilikuja imeunganishwa kwa safu, ikatelezeshwa ndani ya reli ya chuma. Émile aliibana katikati ya magoti, akaisukumiza safu kwa mkono wa kulia, akaiinua. Ilikuwa nzito, lakini si zaidi ya nyundo kubwa. Bilali akamwonyesha jambo moja la mwisho: mdomo wa mashine hautemi msumari mpaka ubanwe kwanza kwenye ubao. Ukivuta kifyatulio hewani, hakuna kinachotoka.

“Juu ya nini?” Émile aliuliza sababu, ingawa alikwisha kuielewa.

“Juu ya vidole, papa. Isipige mutu.”

Émile aliivuta hewani. Kimya. Akaivuta tena. Mahali fulani, katika nchi asiyoijua, mtu aliyeitengeneza mashine hii alikaa akafikiria vidole vya mtu asiyemjua, akaweka kizuizi. Na hapa, kilomita chache kutoka dukani, mtu aliyemjua kwa jina, aliyekula naye muhogo saa sita mchana, aling'oa kifuniko cha msumeno ili mbao zitoke upesi. Alikitoa kipande chake cha limbali kwenye mfuko wa kitambaa.

“Ah! Umekuja na mbao yako!” Bilali alishangaa. “Wewe ni seremala ao ni juge, unakuya kuhukumu mashine yangu?”

“Weka hapa,” Émile alisema, akimpa kipande.

Akaubana mdomo wa mashine kwenye kipande, akavuta. Pa! Msumari ulizama mpaka kichwani. Pa! Wa pili. Nje, mama mmoja aliyekuwa akiuza pondu, majani ya muhogo, aliinama ghafla nyuma ya beseni lake, maana mji huu unazo sauti ambazo haujazisahau. Kisha akainuka, akawatukana wote wawili kwa Kilingala safi, na watu wakacheka. Émile hakucheka. Alikuwa anapapasa vichwa vitatu, vinne, vitano vya misumari, vimelala sawa na ubao, na mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni. Hakukumbuka kuuweka huko.

Bilali, aliyekuwa mfanyabiashara lakini si mwizi, alisogeza kitu kingine mezani. “Papa, ninakuambia kama mutoto wako. Hii ni perceuse, bei yake ni nusu. Unatoboa kwanza, musumari inasimama yenyewe mu tundu, unapiga na marteau yako. Mukono moja inatosha.”

“Kutoboa si kupigilia,” Émile alijibu. Alitaka msumari, si tundu. Akalipa, bahasha ikaisha, akatoka. Mlangoni palikuwa na karatasi iliyobandikwa: kilichouzwa hakirudishwi. Aliisoma, kama alivyosoma kila karatasi, akaona haimhusu.

Umeme wa mtaani ulikuwa umekatika tangu Jumatatu, kwa hiyo betri ilipelekwa kwa wachaji simu wenye jenereta, ikakaa huko siku nzima katikati ya simu za watu. Jumamosi asubuhi kila kitu kilikuwa tayari. Mbao mpya za lifaki, nyekundu na nyevu, ziliegemezwa kwenye ua. Turubai lilishushwa. Kitanda, neti na nguo za watu wazima wawili vilionekana kutoka nje, na majirani waligeuza macho kwa adabu. Jephté alivuka barabara akiwa na kiti chake mwenyewe, kama mtu anayekwenda kutazama mpira.

“Karibuni, watu wa Mangobo!” alitangaza. “Leo Papa Émile anaingia vita. Ficheni kuku!”

“Kaa kimya, ushike ubao,” Émile alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sauti yake ilikuwa ile ya karakanani.

Jephté aliegemeza ubao kwenye nguzo. Émile akaubana mdomo wa mashine, akavuta. Pa! Sauti ilikuwa tofauti; ilikuwa kavu, na mashine ilirudi nyuma ikamgonga kifundo cha mkono. Kichwa cha msumari kilikuwa kimesimama nje ya ubao, urefu wa kidole, kimejipinda. Akajaribu chini kidogo. Wa pili ukajipinda. Akazungusha gurudumu la kuongeza kina mpaka mwisho wake. Wa tatu uliingia nusu, wa nne ukaruka pembeni ukaanguka kwenye majani, na wa tano ukakwama ndani ya mashine yenyewe. Alikaa chini, akaibana katikati ya magoti, akaufungua mdomo kwa koleo, akautoa msumari uliokunjwa kama mnyoo. Akaanza tena. Wa sita. Wa saba.

Jephté alikuwa amekwisha kuacha mzaha.

“Papa,” alisema hatimaye. “Hii nguzo iko ya mwaka gani?”

“Miaka tisa.”

“Basi hii haiko mti tena. Hii iko chuma.”

Émile aliweka kiganja chake kizima juu ya nguzo. Ilikuwa kavu na ya uvuguvugu, nyepesi kwa sauti ukiigonga, ngumu kama jiwe. Akakumbuka kipande cha mfukoni, ubaridi wake, harufu yake ya maji. Kisangani hakuna anayekausha mbao. Mti huangushwa, hupasuliwa, hushushwa mtoni, hununuliwa ukingali unatoa jasho, na hupigiliwa siku hiyo hiyo. Ukuta ndio unaoukausha. Miaka ishirini na miwili alikuwa amepigilia mbao mbichi juu ya nguzo mbichi; hata msumari wa mwezi wa sita ulipoteleza aliulaumu mkono, si nguzo. Alikwenda dukani na mti wa kwao, akajiona mwerevu, lakini alikwenda na mti wa siku mbili kununua chombo cha kupiga mti wa miaka tisa.

Jephté aliiokota nyundo iliyokuwa kwenye kiti. “Lete miye nipige, papa. Saa mbili tu. Weye ukae.”

“Iweke chini.”

“Papa...”

“Jephté, iweke chini.”

Jephté aliiweka, kwa sababu alijua. Katika useremala wa mtaa ule mwanafunzi hushika na bwana hupiga, na mwenye nyundo ndiye mwenye kazi. Siku bwana anapomkabidhi mwanafunzi nyundo ndiyo siku anapomwambia nenda kajitegemee. Émile alimkabidhi Jephté nyundo miaka kumi na mmoja iliyopita, mbele ya watu, kwa soda na hotuba. Haikabidhiwi mara mbili. Na kama Jephté angepiga leo, kwenye ukuta wa bwana wake, mtaa mzima ungeelewa kwamba karakana ya Émile Lifoko imefungwa. Kijana alichukua kiti chake akavuka barabara bila kuaga.

Émile alibaki amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mashine ilikuwa miguuni pake, na taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inawaka, imeshiba umeme, haina kosa. Hilo ndilo lililomtesa. Alikuwa mtu aliyejua kushtaki. Alijua kuandika jina la mkosaji juu ya karatasi na tarehe pembeni. Sasa alitafuta wa kumwandikia barua ya kumi, asimpate. Bilali hakumdanganya, alimwonyesha hata kile kilichofaa, kwa nusu ya bei, naye akakikataa kwa kiburi. Mashine ilifanya kama ilivyotengenezwa kufanya. Alifikiria msimamizi wa kiwanda, faili, ile bahasha nyembamba, akaona kwamba hao walikuwa na hatia yao na wataendelea kuwa nayo, lakini hatia hiyo haitapigilia ubao hata mmoja. Mkono wake ulikatwa mara moja na watu. Bei ya mkono aliipoteza yeye.

Upande wa mto mawingu yalikuwa yamekusanyika, rangi ya sufuria. Upepo uliingia chumbani ukaiinua neti juu ya kitanda.

Berthe alitoka jikoni. Mkono mmoja ulibeba kopo la misumari minene ya zamani, mwingine bakuli la mafuta ya mawese. Aliichovya misumari mmoja mmoja, kama Émile alivyofanya zamani kwenye miti migumu, maana mafuta huulainishia msumari njia na ukienda polepole, kwa mapigo mengi madogo, hata limbali kavu huukubali. Akachagua mmoja, akausimamisha kwenye ubao juu ya nguzo, kati ya kidole gumba na kile cha ukucha mweusi. Akageuza uso pembeni.

“Piga,” alisema.

Émile alisimama na nyundo. Aliutazama ule ukucha. Rangi nyeusi ilikuwa imeanza kusogea mbele, na chini yake palikuwa panaota kipya, chembamba, cheupe. Aliinua nyundo kwa mkono wake mzima. Akaishusha.

“Toa vidole.”

“Mvua inakuya, Papa Gracia.”

“Toa vidole, miye nasema.”

Akaugeuza mpini wa nyundo, akamnyooshea mkewe.

Berthe hakuipokea. “Unafanya nini?”

“Weye piga. Miye nitashika.”

“Miye sijui kupiga! Miye ninasuka kichwa ya watu!”

“Kidogo kidogo. Usiitumie nguvu, acha uzito yake ianguke.”

“Papa Gracia.” Sauti yake ilishuka. “Ule mukono iko moja tu.”

“Najua iko ngapi.”

Ng'ambo ya barabara Jephté alikuwa amesimama mlangoni pa karakana yake, na majirani wawili walikuwa wameacha kufua. Émile aliwaona wote. Alichovya vidole vyake kwenye mawese, akauchukua msumari, akausimamisha mahali pale pale palipokuwa pameachwa na mke wake, akaukaza. Berthe aliipokea nyundo kwa mikono miwili, akaishika juu mno, karibu na kichwa, kama mtu anayeshika kuku. Akapiga. Nyundo iligonga ukingo wa msumari, ikateleza ubaoni. Akapiga tena, na safari hii msumari ulisogea ndani, unene wa punje ya mchele.

Matone ya kwanza yalianguka juu ya mabati, makubwa, ya mbalimbali. Zilikuwa zimebaki mbao kumi na nne.

Pigo la tatu lilipita karibu mno. Berthe alipiga kelele, akaiangusha nyundo.

“Nimekugonga?”

“Bado,” Émile alisema. Hakuusogeza mkono wake. “Okota. Piga.”